Vyuma vilipokaza Marekani: vijana, mikweche ya Ford na mbio za jangwani miaka ya 1930

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Wiki iliyopita, kwenye uzi wa magari ya mashindano, mchangiaji mmoja aliandika kwamba kasi ni starehe ya watoto wa matajiri, maskini kazi yake kushangilia pembeni mwa barabara. Nilitaka kumjibu palepale nikaona jibu litakuwa refu mno, ndiyo maana nimefungua uzi. Mimi ni mkerezaji wa vyuma, nina miaka kumi na tisa mbele ya mashine, na katika habari zote za magari ninazozijua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Naomba mnivumilie.

Twende California, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Soko la hisa la New York limeanguka Oktoba 1929. Benki zinafunga milango huku akiba za watu zikiwa ndani. Kufikia 1933, katika kila wafanyakazi wanne mmoja hana kazi. Viwanda vya Marekani vilivyotoa magari zaidi ya milioni 5 mwaka 1929, mwaka 1932 havikufikisha hata milioni moja na nusu. Vyuma vilikaza kwelikweli. Aliyekuwa na gari alikosa hela ya petroli. Kule North Carolina wakulima walikata gari katikati, kipande cha nyuma chenye ekseli na matairi wakakifungia nyumbu, wakakiita mkokoteni wa Hoover, jina la rais wao Herbert Hoover. Kanada wakang'oa injini, gari likavutwa na farasi, nalo likapewa jina la waziri mkuu wao, R. B. Bennett. Aliyewahi kupishana na mkokoteni wa punda wenye ekseli ya gari hahitaji kuchorewa picha.

Sasa, ndani ya dhiki hiyohiyo, walikuwepo vijana wa miaka 16, 18, 20, waliokuwa wakiokoteza vyuma kwenye yadi za skrepa na kuunda magari ya kukimbia maili 100 kwa saa. Hizo ni kilomita 160. Gari walilolianzia, Ford Model T, likitoka kiwandani lilihangaika kufika kilomita 70.

Baadaye, miaka ya 1940, magari ya namna hiyo yalikuja kuitwa hotrodi, na leo watu wanalipa mamilioni kuyamiliki. Lakini mzizi wake ni ukata. Wale vijana wangekuwa na hela, wangekwenda dukani kununua gari zima, wakaliendesha lilivyo, habari ikaishia hapo. Kwa kuwa hawakuwa nazo, ilibidi wajue kila bolti inafanya nini.

Naendelea, nipeni muda.

#2 Mdau wa Mbeya

Nimevuta kiti mkuu. Swali kabla hujaendelea: kwa nini kila anayesimulia habari hizi anataja Ford T? Marekani ilikuwa na makampuni mengi ya magari wakati ule. Chevrolet ilikuwepo, Dodge ilikuwepo. Au ni kwa sababu Ford ana jina kubwa?

#3 Mleta mada

Swali zuri, na jibu lake ndilo nusu ya habari yenyewe.

Kwanza wingi. T ilianza kutoka Oktoba 1908 ikaachwa 1927, na kwa muda huo yalitengenezwa magari zaidi ya milioni 15. Bei ilianza kwenye dola 850 hivi, ikashuka mwaka hadi mwaka mpaka mwaka 1925 ile ya watu wawili isiyo na mapambo iliuzwa dola 260. Sasa piga hesabu: magari milioni 15, yote yana injini ileile, silinda nne, lita 2.9, nguvu ya farasi 20. Ford alipotoa Model A mwishoni mwa 1927, T ikawa gari la kizamani kwa usiku mmoja. Miaka miwili mbele ukata ukaingia. Zikazagaa nyuma ya nyumba, kwenye mabanda ya ng'ombe, kwenye makorongo. Mkweche wa T uliokufa uliuzwa dola chache tu, na mwingine ulitolewa bure kwa yeyote atakayeuondoa uani.

Pili, na hapa naomba mafundi mnisikilize, lile gari liliundwa lifunguliwe. Ford alijua wateja wake ni wakulima wanaokaa mbali na gereji yoyote. Bloku ya silinda nne ni kipande kimoja, hedi, yaani kifuniko chake, inatoka peke yake juu. Leo linaonekana jambo dogo, lakini siku zile injini nyingi zilisubiwa hedi na silinda kwa pamoja, huwezi kuvitenganisha. Kwenye T unafungua bolti za hedi, unaona pistoni zote nne zinakutazama. Kijana mwenye spana chache alifika ndani ya injini mchana mmoja.

Tatu, spea. Kwa kuwa T zilikuwa nyingi, biashara nzima ilizaliwa ya kuuza vitu ambavyo Ford hakuviweka. George Pepperdine alianzisha Western Auto mjini Kansas City mwaka 1909, akiuza spea na vikorombwezo vya T kwa njia ya posta. Alipata utajiri mkubwa, na mwaka 1937 akafungua chuo Los Angeles ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Pepperdine. Huwa nawasimulia vijana wangu hilo: chuo kikuu kizima kilichotokana na spea za gari.

Kwa hiyo mkuu wa Mbeya, si jina la Ford. Ni kwamba spea ya T ya Texas iliingia kwenye T ya California bila kuuliza swali.

#4 Fundi Gerezani

Hapo kwenye kufungua hedi umenigusa. Sisi tunaskimu, yaani tunakwangua, hedi gari likichemsha, hedi ikipinda. Tunaondoa kidogo tu mpaka fesi inyooke, na mteja tunamwambia asirudierudie kwa sababu ukiondoa sana mgandamizo unapanda. Hao vijana walikuwa wanaskimu kwa makusudi, sivyo?

#5 Mleta mada

Sivyo hasa? Ndivyo kabisa, fundi. Umenifungulia mlango, ngoja niingie.

Hedi ya T ni kifuniko bapa. Valvu, milango ya kuingizia mchanganyiko na kutolea moshi, zimekaa ubavuni mwa silinda, ndani ya bloku, kwa hiyo mchanganyiko wa hewa na petroli unaingia kwa kona na kutoka kwa kona. Mgandamizo ulikuwa mdogo mno, takriban 4 kwa 1, yaani mchanganyiko ulibanwa mpaka robo tu ya ujazo wake. Gari la petroli la siku hizi linacheza kwenye 10 kwa 1. Ford alifanya hivyo kwa makusudi: petroli ya wakati ule ilikuwa mbovu, na injini ilitakiwa iwashwe na mtu yeyote kwa hendeli, chuma cha kuzungushwa kwa mkono mbele ya gari. Lakini kwa fundi mwenye njaa ya kasi, mgandamizo wa 4 kwa 1 maana yake kuna nguvu imelala mle ndani inasubiri kuamshwa.

Kitu cha kwanza kilikuwa bure: kuvua. Madigadi chini. Boneti chini. Kioo cha mbele, paa, ngazi za pembeni, kiti cha nyuma, eksozi yote inayozuia moshi. T yenyewe ilikuwa nyepesi, toleo jepesi halikuzidi sana nusu tani, na ukishaivua linabaki fremu, injini, tangi na kipande cha bodi cha kukalia. Zile picha za hotrodi mnazoziona, magurudumu yako wazi na injini iko wazi, watu wanadhani ni mtindo. Ulikuwa uzito wa bure uliotupwa na mtu asiyeweza kununua nguvu ya ziada.

Cha pili ndicho ulichosema, kuikwangua hedi. Gharama yake ni jasho na rafiki mwenye mashine.

Cha tatu kilitaka visenti, na ndipo ufundi mkubwa ulipokuwa. Joe Jagersberger wa mji wa Racine, Wisconsin, alitengeneza hedi iliyohamisha valvu kutoka ubavuni kuzipeleka juu, akaiita Rajo, yaani Ra ya Racine na Jo ya Joe. Louis Chevrolet, ndiye huyohuyo mwenye jina la magari, baada ya kutoka kwenye kampuni iliyobaki na jina lake, alitengeneza na ndugu yake Arthur hedi za Frontenac kwa ajili ya T. Kwa maana hiyo Chevrolet mwenyewe aliishia kuiongezea Ford nguvu. Na nguvu hiyo haikuwa ya maneno: mwaka 1923 gari lenye injini ya T na hedi ya Frontenac, likiendeshwa na L. L. Corum, lilimaliza nafasi ya 5 kwenye Indianapolis 500, mbio kubwa za maili 500, likiwa limezungukwa na magari yaliyoundwa kwa ajili ya mbio peke yake.

Halafu yupo Ed Winfield wa California. Huyu kwangu ni mwalimu, ingawa alifariki kabla sijaijua kazi. Alitengeneza kabureta, kifaa cha kuchanganya hewa na petroli, na kuchonga kamshafti. Wasiojua: kamshafti ndiyo inayoamua valvu ifunguke lini, ifunguke kiasi gani, ikae wazi muda gani. Ukibadilisha umbo la nundu zake kwa unene wa karatasi, injini inabadilika tabia yote. Mimi leo nina geji za kupimia mpaka sehemu ndogo ya milimita na bado nikichonga kamshafti natoka jasho. Winfield alikuwa akifanya hivyo miaka ya 1920.

Kijana hakununua vyote kwa mpigo. Mwezi huu kabureta ya mkono wa pili, mwezi ujao anabadilishana magurudumu na mwenzake, mwakani anapata hedi ya Rajo iliyopasuka, anaiunga. Mkweche mmoja ulikuwa na asili ya magari sita.

Niseme na upande wa pili, maana sitaki kuwapamba. T haina pampu ya oili. Flaiwili, lile gurudumu zito la injini, inaichota oili na kuirusha, bomba jembamba linaipeleka mbele, konrodi zinajipatia kwa kuchovya. Ukiikimbiza muda mrefu, beringi zake za babiti, madini laini, zinayeyuka kama nta. Wajuzi walitoboa krenki na kufunga pampu, wasiojua walivunja injini. Na breki ya mguu ya T inakamata ndani ya giaboksi, si kwenye magurudumu. Hebu fikirieni gari linalokwenda mara mbili ya kasi liliyopangiwa na breki ni zilezile. Wengi walishindania mitaani usiku, na wengine walikufa huko, wao na watu wasiohusika.

#6 Dada wa Spea

Nauza spea miaka mingi na sikujua mwanzo wa biashara yetu uko huko. Ahsante sana kaka. Ila nina swali linalonikaa moyoni tangu nianze kusoma. Watu weusi wa Marekani walikuwa wapi katika haya yote? Majina yote uliyotaja ni ya Wazungu.

#7 Mleta mada

Dada, nilikuwa nimelitunza hilo. Walikuwepo, na mmoja wao ndiye aliyenifanya niipende habari hii.

Anaitwa Charlie Wiggins. Alizaliwa 1897, akakulia Evansville, Indiana. Alianza kwa kung'arisha viatu nje ya gereji. Kutoka kwenye boksi la viatu akawa anatazama mafundi, baadaye akaingia ndani akajifunza kazi. Akahamia Indianapolis, akafungua gereji yake, na watu wa mji wakamjua kuwa ni fundi asiye na mpinzani.

Indianapolis ndiko zinakofanyika mbio za 500, na chama kilichokuwa kinazisimamia hakikuruhusu dereva mweusi. Wiggins aliishi kwenye mji ule, anasikia ngurumo za injini kila Mei, na hawezi kuingia. Basi Waamerika weusi wakaanzisha mbio zao. Mwaka 1924 kwenye uwanja wa maonyesho wa jimbo la Indiana zilianza Gold and Glory Sweepstakes: maili 100, mzunguko wa maili moja, udongo mtupu. Wiggins aliunda gari lake mwenyewe, Wiggins Special, kwa vyuma alivyovikusanya kwenye yadi za skrepa. Akashinda 1926. Akashinda tena 1931, 1932 na 1933. Tazameni hiyo miaka, dada na wakuu wangu. Ni miaka ile mibaya kuliko yote, ambapo hata mwenye kiwanda alikuwa analia, na mtu mweusi wa Indiana anachukua taji mara tatu mfululizo kwa gari la skrepa.

Kuna jambo lingine ambalo kila nikilisimulia sauti inabadilika. Mwaka 1934 dereva Bill Cummings alimtaka Wiggins amsaidie kuliandaa gari lake la Indianapolis 500. Sheria za ubaguzi hazikumruhusu fundi mweusi kufanya kazi pale. Ikabidi aandikishwe kama mfagiaji. Mchana anashika ufagio, wenyewe wakishaondoka anashika spana. Cummings alishinda mbio za mwaka ule.

Mwaka 1936, kwenye Gold and Glory ya mwisho, magari 13 yaligongana na Wiggins akapoteza mguu. Mbio zile hazikufanyika tena. Yeye aliendelea na ufundi na kuwafundisha wengine, akaishi mpaka 1979.

Na huku Magharibi alikuwepo Dewey Gatson, mzaliwa wa Texas. Wengi hawakulijua jina hilo kwa sababu alijulikana kama Rajo Jack. Mnakumbuka hedi ya Rajo? Alikuwa anaziuza na kuzifunga, mpaka hedi ikawa jina lake. Huyu naye alifungiwa milango ya chama kikubwa, akashindana kwenye mbio zisizo za chama, wakati mwingine akijitambulisha kuwa Mreno ili apate kuingia. Mwaka 1936 alishinda mbio za maili 200 pale Mines Field, mahali ambapo sasa ni uwanja wa ndege wa Los Angeles. Mkishuka LAX siku moja, mkumbukeni.

#8 Mdau wa Nairobi

Nimesoma ya Wiggins mara mbili. Anasajiliwa mfagiaji halafu gari linashinda. Kusema kweli nimeshindwa kuendelea na kazi.

Wacha niongeze yetu. Babangu alikuwa mekanika kwenye gereji za Grogan. Alinieleza kwamba matatu za kwanza hapa Nairobi zilikuwa magari makuukuu, Ford Thames nyingi, yaliyokuwa yameshatupwa na wenyewe. Mafundi waliyafufua, wakaweka mabenchi, nauli ikawa senti thelathini, mang'otore matatu, na jina likatoka hapo. Hayakuwa ya mbio, lakini nikisoma uzi huu namuona mzee wangu akiwa chini ya gari.

#9 Mdau wa Mbeya

Na Dar mwanzoni mwa miaka ya 80 zile pikapu za chai maharage, abiria wanatazamana kama wamekaa hotelini. Spea hakuna, fedha za kigeni hakuna, na gari linatembea.

Mkuu, turudi kwenye mbio. Umesema maili 100 kwa saa. Walizipima vipi? Na wapi? Maana barabara za wakati ule hazikuruhusu.

#10 Mleta mada

Jangwani. Sehemu hii nikianza huwa simalizi, nitajitahidi kukata.

Kaskazini mwa Los Angeles, mwendo wa maili mia hivi, liko jangwa la Mojave, na ndani yake kuna maziwa makavu: Muroc, Rosamond, Harper, El Mirage. Mvua za majira ya baridi huyafunika kwa maji ya kina kifupi, upepo unayasukuma huku na huku, na yakikauka udongo wa mfinyanzi unabaki bapa na mgumu kama sakafu ya saruji, maili nyingi bila jiwe. Muroc ndilo lililopendwa kuliko yote. Ubora wa sakafu ile ujueni kwa hili: leo iko ndani ya kambi ya anga ya Edwards, na mwaka 1981 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiliporudi kutoka safari yake ya kwanza kilitua hapohapo.

Vijana walikuwa wakienda huko kwenye miaka ya 1920. Mwaka 1931 kampuni ya mafuta ya Gilmore ilidhamini mbio zilizopimwa kwa saa, na miongoni mwa walioziandaa alikuwa George Wight, mwenye Bell Auto Parts, duka lililokuwa likiuza spea za kasi, nyingine zikiwa zimetoka kwenye magari yaliyovunjwa.

Sasa taratibu yenyewe. Wengi walikuwa na gari moja tu, la kwendea kazini na la mbio ni hilohilo. Jumamosi jioni wakitoka kibaruani wanafunga blanketi, kopo la mafuta na sanduku la spana, wanaendesha usiku kupanda milima kwenda jangwani. Wanalala chini, pembeni mwa gari. Alfajiri, kabla upepo haujaamka, taa zinafunguliwa, kioo kinafunguliwa, kila kisicho na kazi kinawekwa kwenye lundo. Wanakimbia. Mchana wanafunga tena kila kitu kwa ajili ya safari ya kurudi, na Jumatatu gari liko mbele ya kiwanda kama vile halikutoka. Aliyevunja injini alivutwa kwa kamba na mwenzake maili zote hizo.

Mwanzoni walikimbia kwa makundi, magari kadhaa sambamba kwa mara moja. Aliye mbele anaona, walio nyuma wameingia kwenye wingu la vumbi hawaoni hata mikono yao, na mguu bado uko kwenye mafuta. Watu waliumia na kufa. Ndiyo sababu mwaka 1937 klabu za vijana ziliungana kuunda Southern California Timing Association, na mwaka uliofuata wakaendesha mkutano wao wa kwanza Muroc. Wakaweka madaraja, ukaguzi wa magari, na saa za kuaminika. Hawakutumwa na serikali wala kampuni. Vijana ambao magazeti yaliwaita wahuni walikaa chini wakajiandikia sheria wenyewe, kwa kuwa walichoka kuzika wenzao. Mmoja wa wana klabu wa enzi hizo, Wally Parks, ndiye aliyekuja kuanzisha NHRA mwaka 1951, chama cha mbio za mstari ulionyooka ambacho kipo mpaka leo.

Kufikia wakati huo T ilikuwa inazeeka hata kwa mikweche. Mwaka 1932 Ford alikuwa ametoa injini ya V8, yaani silinda nane, lita 3.6, nguvu ya farasi 65, bloku nzima imesubiwa kipande kimoja, gari la wazi la bei ya chini dola 460. Hakuna kijana wa kibarua aliyeinunua mpya. Walisubiri. Mwenye hela akaigonga, ikafika yadi ya skrepa, injini ikang'olewa ikaingizwa kwenye fremu ya Model A. Ukata uliwafundisha kusubiri ajali za wenye nacho.

Mmoja wa waliosubiri ni Vic Edelbrock. Alizaliwa Kansas 1913. Mwaka 1927 duka la familia liliungua, akaacha shule akiwa na miaka 14 akajifunza ufundi gereji. Akaenda California 1931, katikati ya ukata. Ilimchukua mpaka 1938 kupata Ford yake ya 1932, ya mkono wa pili. Manifoldi, mabomba ya kupeleka mchanganyiko kutoka kabureta hadi kwenye silinda, zilizokuwa sokoni hazikumridhisha, akabuni yake ya kabureta mbili. Wenzake wakaiona, wakaitaka. Leo kabureta na manifoldi zenye jina Edelbrock zinauzwa dunia nzima, na Dada wa Spea nadhani zimeshapita mikononi mwake.

Vita vikaja vikasimamisha yote. Februari 1942 magari ya raia yaliacha kutengenezwa, Julai mwaka huo mbio zikapigwa marufuku kuokoa matairi na petroli, na mikweche mingi iliyeyushwa kwa ajili ya chuma cha vita. Waliorudi vitani walikuta maziwa makavu bado yapo, isipokuwa Muroc, iliyokuwa imeshachukuliwa na jeshi. Hayo ya baada ya vita ni uzi mwingine.

#11 Dada wa Spea

Zimepita, kaka. Niliuza kabureta ya Edelbrock mara moja na sikujua ninashika jina la mtu aliyeacha shule kwa sababu duka la nyumbani limeungua.

#12 Mzee wa Tabora

Wanangu, nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Mjukuu ndiye aliyenifungulia ukurasa huu. Mimi nilikuwa utingo wa lori la Bedford miaka ya sitini, kabla sijawa dereva. Huyu kijana ametaja hendeli mara moja akapita, na mimi hendeli ndiyo iliyonivunja mkono wa kulia hapa juu ya kifundo cha mkono. Hao vijana wa Marekani nao waliwasha kwa hendeli? Waliambiwa habari ya dole gumba?

#13 Mleta mada

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa mkono.

Waliwasha kwa hendeli, ndiyo. T zote mpaka mwaka 1919 zilitoka bila stata ya umeme, na mikweche waliyoiokota mingi ilikuwa ya namna hiyo, au ina stata iliyokufa. Na injini ile ina mkono wa kurekebisha cheche, uko kushoto chini ya usukani. Usipoupandisha kabla ya kuwasha, cheche inapiga mapema, injini inarudi nyuma kwa nguvu na hendeli inakuja nayo. Mvunjiko huo ulikuwa wa kawaida kiasi kwamba madaktari waliutambua kwa kuuona tu.

Habari ya dole gumba waliambiwa, mzee. Mnasemaje huko Tabora?

#14 Mzee wa Tabora

Marahaba. Dole gumba halifungwi. Linalala upande mmoja na vidole vingine, ili hendeli ikirudi iteleze na kutoka mkononi. Na unavuta kwenda juu, hausukumi kwenda chini. Mimi siku ile nilikuwa na haraka, tajiri anapiga kelele, nikasukuma.

#15 Mleta mada

Ndivyo hivyohivyo walivyofundishana, mzee. Kuvuta juu, dole gumba nje, na wengine walitumia mkono wa kushoto, ili hendeli ikirudi iukimbie mkono badala ya kuupiga.